Fielder ya zamani (NZE141 na NZE144) kwenye yadi za Nakuru na Kisumu: tathmini ya usalama kabla hujalipa

Toyota Corolla Fielder ya kizazi kilichoanza Oktoba 2006 na kukoma 2012 bado inatafutwa sana kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Busia. Sababu zinajulikana: buti pana, spea zinapatikana hata kwenye vituo vidogo vya barabarani, na injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5 ni mvumilivu. Injini hiyo hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, hunywa oili lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta, na ikipewa 5W-30 halisi kwa wakati haisumbui. NZE141 huvutwa na magurudumu ya mbele. NZE144 ni ya magurudumu yote manne. Upande wa injini nitaishia hapo, kwa sababu hakuna fundi wa Kibuye, Kisumu, au wa viwandani Nakuru asiyeweza kukuelezea gari hili akiwa amefumba macho.

Kuna mambo mawili ambayo karatasi za yadi hazikuambii na ambayo yanaweza kuua: mfuko wa hewa ulio mbele ya abiria, na breki zilizofungwa baada ya gari kufika nchini. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwani ndilo linalofichwa zaidi.

Mfuko wa hewa: gari lilitengenezwa na nani, na kifaa kilitengenezwa na nani

Toyota ilinunua sehemu ya mifuko yake ya hewa kutoka Takata, kampuni ya Japani iliyowauzia watengenezaji wengi wa magari duniani. Ndani ya kila mfuko kuna kikopo cha chuma chenye vidonge vya baruti. Gari likigonga, kompyuta hupeleka umeme, vidonge huwaka, na gesi hujaza mfuko kwa kufumba na kufumbua. Takata ilichagua nitrati ya amonia kuwa baruti yake, kemikali ya bei nafuu ambayo washindani wake waliikwepa. Mkulima wa mahindi wa Bahati au Lugari anaijua ndugu yake, mbolea ya CAN: ukiacha mfuko wazi, inavuta unyevu na kuwa mabonge. Ndani ya kikopo hutokea jambo linalofanana na hilo, ila polepole, mwaka baada ya mwaka. Unyevu huingia, joto la mchana na baridi ya usiku huvitanua na kuvibana vidonge, navyo hupata vinyweleo. Kidonge chenye vinyweleo huwaka kasi kupita kiasi, shinikizo huzidi nguvu ya chuma, na kikopo hupasuka. Vipande vya chuma hurukia uso na shingo ya mtu aliyekaa mbele, hata kama ajali yenyewe ilikuwa ya kugusana tu kwenye foleni.

Honda ilitoa mwito wa kwanza wa kurejesha magari mwaka 2008, wa magari yapatayo 4,000 tu nchini Marekani. Kufikia mwisho, miito ya Takata ilihusu vikopo takriban milioni 67 Marekani pekee na takriban milioni 100 duniani kote. Hakuna mwito mwingine wa magari uliowahi kufikia ukubwa huo. Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la ulaghai, na ikalikiri mahakamani Februari. Ilikuwa imewapa watengenezaji wa magari ripoti za majaribio zilizopambwa tangu karibu mwaka 2000, huku wahandisi wake wakijua vikopo vilikuwa vikipasuka maabarani. Adhabu ilikuwa dola bilioni 1: milioni 25 za faini, milioni 125 za waathiriwa na milioni 850 za kampuni za magari. Juni 2017 Takata iliomba ulinzi wa kufilisika.

Zingatia mgao huo. Waliopoteza macho, sauti na wapendwa wao walitengewa sehemu moja kati ya nane, na kampuni zilizofunga vifaa hivyo kwenye magari yao zikatengewa zaidi ya asilimia 80. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililobaki mikononi mwa mnunuzi wa huku: kampuni iliyodanganya haipo tena kwa jina lake, na gari bado linatembea.

Kwa nini Fielder za kwanza ndizo za kuogopwa zaidi

Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia likiwa halijazidi miaka 8, kwa kiwango cha KS 1515. Hesabu ni rahisi. Fielder ya 2007 ilibidi iwe imeingia nchini kufikia mwisho wa 2014. Miito mikubwa ya Takata nchini Japani ilimwagika kuanzia 2015. Kwa hiyo Fielder nyingi za 2006 na 2007 ziliondoka Japani kabla mwenye gari wa kule hajapata barua ya kumwita karakana. Hakuna aliyezirekebisha, kwa kuwa hakukuwa na aliyejua kuwa zinahitaji kurekebishwa. Fielder ya 2011 au 2012, ambayo iliweza kuingia hadi 2018 au 2019, ina nafasi nzuri zaidi ya kuwa imetengenezwa kabla ya kupanda meli. Nafasi nzuri, lakini uhakika hauji kwa mwaka wa kuundwa.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Uchunguzi wa Marekani ulikuta vikopo vikiharibika zaidi katika maeneo ya joto na unyevu kama Florida na pwani ya Ghuba ya Mexico. Kisumu iko ukingoni mwa ziwa, joto la mchana hucheza karibu na digrii 30 karibu mwaka mzima, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupata joto la juu zaidi ya hilo. Kati ya Fielder mbili za mwaka mmoja, moja iliyolala juani Kondele kwa miaka kumi na nyingine iliyolala gereji huko Milimani, Nakuru, mimi ningeihofia zaidi ya Kondele. Hata hivyo zote mbili zahitaji kuthibitishwa; ubaridi wa Nakuru huchelewesha uharibifu, hauuzuii.

Fielder haiko peke yake. Vitz ya wakati huo, Axio, Honda Fit, Nissan Tiida, X-Trail ya T30, Subaru Impreza na Forester, zote zina matoleo yaliyoguswa na miito ya Takata. Anayehama kutoka Fielder kwenda Tiida kwa sababu ya mfuko wa hewa hajahama popote.

Namna ya kuthibitisha

Anza na nambari ya chesi. Magari yaliyouzwa Japani hayana ile nambari ya tarakimu na herufi 17 iliyozoeleka Ulaya na Marekani. Yana alama ya modeli, kistari, kisha tarakimu saba, kwa mfano NZE141-, halafu nambari. Isome kwenye bamba lililo ndani ya boneti na uilinganishe na logbuku pamoja na nambari iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, ondoka.

Tovuti za Marekani za kutafuta miito hazitalitambua gari hili, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika: wanaingiza nambari, hawapati kitu, wanasema gari ni safi. Tumia ukurasa wa miito wa Toyota ya Japani wenyewe. Umeandikwa kwa Kijapani, lakini kitafsiri cha simu kinatosha. Una visanduku viwili, kimoja cha alama ya modeli na kingine cha tarakimu. Piga picha ya skrini ya majibu yakiwa na nambari ya chesi, uihifadhi.

Pili, fungua mlango wa dereva na uangalie nguzo, karibu na kile chuma ambacho kufuli la mlango hushika. Karakana za Japani hubandika hapo kistika kidogo chenye nambari ya mwito baada ya kazi kukamilika. Ukikikuta, linganisha nambari yake na mwito ulioupata kwenye tovuti, kwa sababu gari moja linaweza kuwa na miito kadhaa na kistika kikawa cha jambo lingine kabisa. Usipokikuta, huenda kazi haikufanywa, au nguzo ilipakwa rangi upya. Nguzo ya mlango iliyopakwa rangi upya inaleta maswali yake yenyewe kuhusu ajali.

Jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hawalijui: kufanyiwa mwito mara moja hakumalizi habari kila mara. Baadhi ya magari duniani yalibadilishiwa kikopo cha zamani kwa kikopo kipya cha Takata cha aina ileile, yakaitwa tena baadaye. Kwa hiyo kistika cha mwanzoni mwa miito hakitoshi kukutuliza bila majibu ya tovuti.

Tatu, toa droo iliyo mbele ya abiria. Ukiwa na tochi utaona kutoka chini sanduku la mfuko, waya zenye soketi ya manjano, na lebo. Unatafuta vitu vitatu: kwamba sanduku lipo, kwamba lebo haijabanduliwa, na kwamba hakuna gundi, povu wala bomba la plastiki lililoshikilia dashibodi. Usifungue soketi ya manjano. Usiipime kwa mita ya umeme hata kidogo, kwa sababu umeme mdogo wa mita wenyewe unaweza kuufyatua mfuko. Kazi yoyote zaidi ya kuangalia inataka kwanza kutoa waya hasi wa betri na kungoja angalau sekunde 90, ndipo akiba ya umeme ndani ya kompyuta ya mifuko iishe. Fundi anayeruka hatua hiyo asiguse gari lako.

Taa ya SRS na ujanja wake

Funguo ikifikishwa kwenye nafasi ya ON kabla ya kuwasha injini, taa nyekundu ya SRS, yaani ya mfumo wa mifuko ya hewa, inapaswa kuwaka kwa sekunde sita hivi kisha izimike. Taa ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na mifuko huenda isifunguke. Isipowaka kabisa, mtu ameigusa: ama ameng'oa balbu, ama ameifunika kwa rangi nyeusi. Ujanja wa tatu ni kuiunganisha na taa nyingine, ili iwake na kuzimika pamoja na ile ya oili au ya betri. Huo wa tatu huonekana ukiwasha injini: taa ya SRS ikizimika papo hapo injini inapoanza, bila kujali sekunde zimepita ngapi, ina jamaa yake.

Kuna jaribio la bei ya kipande cha waya. Kwenye soketi ya skana iliyo chini ya usukani, funguo ikiwa imezimwa, unganisha pini ya 4 na ya 13, kisha fikisha funguo kwenye ON. Hakikisha ni hizo mbili na si nyingine, maana pini ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja. Taa ya SRS ya mfumo usio na hitilafu itapepesa kwa mwendo sawasawa bila kupumzika. Ikiwa kuna kosa, itapepesa kwa mafungu, na mafungu hayo ndiyo nambari ya kosa. Taa iliyounganishwa kwingine haitapepesa hata kidogo. Vile vidude vidogo vya bluutuu vya bei rahisi havifai kwa kazi hii. Vingi husoma injini peke yake. Taka skana inayofungua ukurasa wa SRS, ambamo makosa huanza kwa herufi B.

Hata hivyo taa safi na skana safi havithibitishi kwamba mfuko upo. Baada ya ajali, wengine hufunga rezista ndogo ya ohmu mbili hivi mahali pa mfuko, kompyuta ikadhani kila kitu kiko sawa. Ndiyo sababu nimesema droo itolewe. Kwa upande wa usukani, angalia kifuniko cha katikati: rangi yake ilingane na ya duara la usukani, nembo isiwe imebandikwa, na mstari wa kupasukia usiwe umejazwa. Kisha vuta mkanda wa kiti wa dereva hadi mwisho. Mkanda uliokaza kwenye ajali huacha alama ya kung'aa au ya kuungua kwenye kitambaa, hurudi kwa uvivu, au hukwama. Chini yake kuna lebo yenye tarehe. Ikiwa mpya kuliko gari kwa miaka kadhaa, muulize muuzaji kwa nini, umwache ajibu.

Mfuko uliong'olewa kwenye gari la vyuma chakavu usiununue kwa bei yoyote. Mara nyingi unakuwa wa gari la mwaka uleule, maana yake Takata uleule ambao haujarekebishwa. Wala mfuko mpya wa bei ya kutupa si kimbilio: Julai 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilionya kuhusu vikopo duni vya kuingizwa kutoka nje vilivyofungwa kwenye magari yaliyowahi kupata ajali, baada ya watu watatu kufa na wawili kujeruhiwa vibaya katika muda wa miezi tisa.

Kile ambacho cheti hakisemi

Katika yadi utaonyeshwa cheti cha ukaguzi uliofanyika Japani, wa kampuni ya ukaguzi ya JEVIC kwa magari ya zamani au QISJ kwa ya baadaye. Ni cheti halali na kina kazi yake: hali ya gari siku ile, umri, mwili, breki, taa. Hakuna anayefungua dashibodi kusoma nambari ya kikopo. Vivyo hivyo ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, huangalia kama gari linafaa kuwa barabarani. Muuzaji anayekujibu swali la Takata kwa kukuonyesha cheti hicho hajakujibu. Wengine hawajui, na hilo ni kosa la biashara lakini linarekebishika. Wengine wanajua na wanategemea usijue. Namna ya kuwatenganisha ni kuomba nambari ya chesi kabla ya kwenda yadi. Anayeituma kwa simu mara moja ana biashara ya kuendelea nayo. Anayesema njoo kwanza uone gari, kisha tutaongea, mwache.

Ujanja wa kupunguza kilomita nao ni uleule. Cheti cha kuuzia nje cha Japani huwa na kilomita zilizosomwa kule; omba nakala yake, linganisha na dashibodi, kisha tazama raba ya pedali ya breki na ngozi ya usukani. Karatasi ya mnada yenye daraja R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Daraja hilo peke yake halilifanyi gari kuwa baya, lakini bei lazima ishuke, na ule uchunguzi wa mifuko na mikanda uwe wa lazima.

Breki, na mteremko wa Salgaa

Anayetoka Kisumu au Eldoret kwenda Nakuru hupita Mau Summit na Sachang'wan kisha kushuka hadi Salgaa. Hapo pedi duni hujitangaza. Fielder ina diski mbele na dramu nyuma, mfumo wa kutosha kabisa ukiwa na vifaa halisi. Tatizo ni sanduku lenye nembo ya Toyota ambalo ndani lina unga ulioshindiliwa.

Geuza pedi uangalie mgongo wa chuma. Pedi ya heshima imechapishwa herufi mbili za msuguano. Ya kwanza ni msuguano wa kawaida, ya pili ni wa pedi ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa Fielder taka FF au zaidi. FE inamaanisha pedi itakayokushikia vizuri mjini Nakuru na kulegea ukiwa katikati ya Salgaa. Pedi isiyo na herufi zozote, nambari ya bechi wala jina la mtengenezaji irudishe kwenye kaunta. Dalili nyingine za bandia: kingo zinazomeguka ukikwaruza kwa kucha, pengo kati ya nyenzo na chuma, bati la kuzuia kelele lililobandikwa kwa gundi ya maji.

Pedi zikifika milimita 3 zibadilishe. Usingoje milimita 1 ambayo ndiyo kikomo. Diski ina unene wa chini uliochapishwa pembeni yake baada ya maneno MIN TH, na fundi anayekwaruza diski bila kuipima unene kwa kalipa ya kupimia anakukatia chuma ambacho huenda huna. Baada ya kufunga, zizoeshe pedi kwa kupunguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara kumi hivi, ukiacha nafasi zipoe. Nati za magurudumu zikazwe kwa Nm 103, si kwa kuruka juu ya spana.

Mafuta ya breki ndiyo yanayosahauliwa zaidi. DOT 3 mapya huchemka kwa digrii 205 au zaidi. Yakishavuta maji kikomo hicho hushuka hadi 140. Yakichemka mteremkoni hutoa mapovu, na pedali inazama hadi chini bila kushika. Kipimo cha kalamu kikionyesha unyevu wa zaidi ya asilimia 3, badilisha yote, na kwa hali yoyote kila miaka miwili. DOT 4, yenye digrii 230 na 155, inaruhusiwa kwenye mfumo huu na kwa barabara za huku naipendekeza. Tone moja la oili ya gia au ya injini kwenye kopo la breki huvimbisha raba zote, na hapo utanunua silinda zote upya.

Shuka Salgaa kwa gia, si kwa mguu. Ukiwa na gia za otomatiki, ondoa D uweke ya chini kabla mteremko haujaanza.

Suala la nambari ya spea linahitaji tahadhari ya ziada. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliita magari milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya funguo iliyozimika yenyewe barabarani, ikizima na mifuko ya hewa pia. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Swichi ilikuwa imerekebishwa 2006 kimyakimya, bila kubadilisha nambari ya kifaa, na kwa miaka mingi wachunguzi hawakuelewa kwa nini magari ya mwaka mmoja yalikufa na ya mwaka mwingine hayakufa. Nambari sawa, kifaa tofauti: ikiwa kampuni yenyewe iliweza kufanya hivyo, usishangae mchapishaji wa masanduku akifanya. Nunua kifaa kwa kukiangalia, na stakabadhi iandikwe nambari ya bechi.

Matairi yataangaliwa haraka. Tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Yaliyopita miaka 6 yachunguze nyufa kila mwaka, ya miaka 10 yatupe hata kama yana meno. Tairi la akiba la Fielder jembamba lenye herufi T hubeba shinikizo la kPa 420 na halipaswi kupita kilomita 80 kwa saa. Kisumu hadi Busia kwa tairi hilo ni kujitafutia ajali.

Kabla hujahamia Passo

Wengi wakisikia habari za Takata hukimbilia gari dogo jipya zaidi. Passo imetengenezwa na Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota. Desemba 2023 kamati huru ilifichua kwamba Daihatsu ilikuwa imechakachua majaribio ya usalama kwa miongo kadhaa, kasoro 174, modeli 64 zikiguswa, na kampuni ikasimamisha usafirishaji wa magari yake yote. Katika baadhi ya majaribio mfuko wa hewa ulifyatuliwa kwa saa ya kutegwa badala ya kompyuta ambayo gari la mteja lingekuwa nayo. Hiyo haimaanishi Passo uliyoiona yadi ya Pipeline ina mfuko mbovu. Inamaanisha nambari ya chesi itafutwe hata kwa gari linalong'aa.

Hukumu yangu

Fielder ya 2006 hadi 2008 isiyo na uthibitisho wa mwito ningeikataa kwa bei yoyote inayotajwa yadini. Ya 2009 hadi 2012 yenye majibu safi ya tovuti, kistika kinacholingana na dashibodi isiyoguswa ni gari zuri la familia, na linastahili bei ya juu kidogo kuliko jirani yake asiye na ushahidi. Lipa tofauti hiyo bila kunung'unika. Kizazi cha NZE161 kilichofuata nacho kitafutwe kwa nambari, lakini kwa mwenye uwezo ndicho cha kwanza kutazama.

Kwenye mkataba wa mauzo futa sentensi ya "linauzwa jinsi lilivyo", au andika chini yake kwamba muuzaji anathibitisha mifuko yote ya hewa ipo na hakuna mwito ambao haujatekelezwa kwa nambari hiyo ya chesi. Ibara ya 46 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 zinakupa haki ya bidhaa salama na taarifa za kweli, lakini maandishi ndiyo yatakayosomwa. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 huenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi inapaswa kumalizwa ndani ya siku 60 na si lazima uwe na wakili.

Ikiwa gari tayari ni lako na tovuti imekuambia mwito haujafanywa, usimruhusu fundi kung'oa mfuko wala kukata waya, na abiria wote wakae nyuma hadi kazi ifanyike. Andika barua kwa tawi la wakala rasmi wa Toyota lililo karibu, ukiambatanisha nakala ya logbuku na picha ya skrini, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku ya kazi omba kuonyeshwa kikopo kilichotolewa, piga picha lebo yake na ya kikopo kipya, na hakikisha nambari zote mbili zimeandikwa kwenye kadi ya kazi kabla hujaitia sahihi.